Nabadilisha daipa za watoto sita kwa chumba kimoja na wanazidi kuhara, nakosea wapi?

mama_deikea_pipeline

Habari zenu wamama na wababa wa humu. Naomba mnisaidie, hasa nyinyi mnatunza watoto nyumbani. Mimi niko Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tatu, nilianza na watoto wawili wa majirani wanaofanya kazi Industrial Area, wakaambiana, sahi niko na tisa na sita kati yao bado wanavaa daipa, mdogo kabisa ana miezi minne. Ni chumba kimoja nimegawanya na pazia, upande huu watoto wanalala na kucheza, upande ule ndio jiko na vyombo. Choo ni cha ploti, kiko mwisho wa koridoo. Maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa, siku zingine natumia ya mitungi, na yakikatika kabisa nanunua kwa wenye mikokoteni. Nasaidiwa na binti wa dada yangu, ana miaka ishirini, anapenda watoto sana na hana uvivu hata kidogo.

Sasa wiki iliyopita Jumatatu mtoto mmoja aliletwa tumbo likiendesha, mamake akaniambia ni meno tu. Jumatano wakawa wawili, Ijumaa wakawa wanne, na mmoja alipelekwa hospitali akawekewa maji. Ashapona, namshukuru Mungu. Babake alikuja jioni, ni mtu mpole, akakaa pale kwa stuli akaniambia, "Mama, sikulaumu, lakini nionyeshe tu mahali mnambadilishia." Nikamuonyesha. Na vile nilikuwa namuonyesha nikajionea mwenyewe, juu tunawabadilishia pale pale kwa godoro wanalolalia, tunatandika leso moja, ikilowa tunageuza upande. Huo usiku sikulala.

Si kwamba sisi ni wachafu jamani. Nyumba inapigwa deki asubuhi na jioni, mikono tunanawa, taka zinatoka kila jioni. Lakini Jumamosi nilikaa nikamwangalia binti akifanya kazi bila kumwambia kitu. Alimbadilisha yule wa miezi minane, akakunja daipa akaiweka chini kando ya godoro, akaingiza mkono ule ule kwa mfuko wa mtoto akatoa daipa safi, akamvalisha, akamnyanyua, akampangusa kamasi mtoto mwingine aliyekuwa analia, ndio akaenda kunawa. Na mimi hufanya hivyo hivyo, sikumgombeza. Tena nimekua nikisikia choo cha mtoto mchanga hakina shida, ni maziwa tu, shosho yangu alikuwa akifua nepi kwa karai ile ile ya vyombo.

Naomba mniambie, wewe mwenye unafanya hii kazi na chumba ni kimoja na maji ni ya kupima, unapanga aje? Unawabadilishia wapi? Daipa yenye choo inaenda wapi kabla mwenye taka afike? Na hiyo Jik ya kuua vijidudu tunaweka kiasi gani, juu mimi humimina tu kwa macho. Sina pesa ya kununua zile meza za kubadilishia watoto naziona kwa simu. Ukweli tu, hata kama utaniuma.

Shosh_wa_Kayole

Mwanangu pole sana, na usilie, kwanza huyo baba alikuheshimu kuja kukuuliza badala ya kuondoa mtoto kimya kimya na kukusema kwa ploti. Nimelea watoto wa watu Kayole zaidi ya miaka kumi na tano na hilo la godoro nimelifanya pia, nikajifunza na kilio cha mtu.

Kwanza hiyo meza usiitafute. Mtoto huanguka kwa meza ukigeuka kuchukua waipsi tu, na wewe uko na sita. Sakafuni ni salama. Kata makintoshi, ile shiti isiyopitisha maji tunaambiwa tubebe tukienda kujifungua, inauzwa kwa mita madukani, kipande kama cha mita moja. Chini yake weka kisponji ama blanketi iliyokunjwa ili mtoto asigonge kichwa. Hapo ndipo mahali pa kubadilishia na si kwingine, hata mtoto akiwa amelala pale kwa godoro unambeba unampeleka. Chagua kona ya mlangoni, mbali na jiko, mbali na chupa za maziwa. Kama pazia lako liko katikati basi kona iwe upande wa mlango. Kwangu watoto wakubwa wanajua hapo hapakanyagwi wala hapachezewi.

Leso sasa. Leso moja kwa watoto sita hapana mwanangu, hata ukigeuza. Kila mtoto aje na kitambaa chake kwa mfuko wake, ukimaliza kumbadilisha kinaingia kwa mfuko wa vyafu na kinaenda kwao jioni kufuliwa. Mzazi asipoleta, tumia makintoshi tupu uipanguse baada ya kila mtoto.

Na kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kuweka kila kitu tayari kabla sijamgusa mtoto. Natoa daipa safi moja, naifungua naiweka kando ya kichwa chake. Waipsi natoa nne ama tano nazipanga, sio paketi nzima, juu ukiingiza mkono mchafu kwa paketi, paketi yote ishaingia uchafu. Mafuta nachota kidogo kwa kipande cha tishu. Karatasi ya kufungia iko hapo. Ndio namlaza mtoto. Kuanzia hapo mkono wangu haugusi mfuko, haugusi mlango, haugusi mtoto mwingine hata alie aje, nitamwimbia tu akisubiri. Napangusa kutoka mbele kwenda nyuma, hasa wasichana, kila waipsi mara moja na inaingia ndani ya ile daipa chafu. Nakunja, nafunga na zile gundi zake, naweka miguuni kwenye karatasi, mbali na mikono ya mtoto. Kisha kabla sijashika daipa safi napangusa mikono yangu na waipsi ya mwisho. Hicho kidogo ndicho watu wengi husahau, mtu anafikiria kunawa ni mwisho tu kumbe katikati kuna mahali uchafu unavukia kwa nguo safi.

Nikishamvalisha namnawisha mikono yeye pia. Ndio, mtoto! Mkono wake ulikuwa hapo chini wakati unapangusa na dakika mbili baadaye uko mdomoni. Namrudisha kwa wenzake, kisha napangusa makintoshi, kisha nanawa mimi.

Daipa yenye choo usiitupe na choo ndani. Peleka chooni ukung'ute kwanza, hata kama ya ploti iko mbali, beba kwa ndoo yenye kifuniko ya hiyo kazi tu. Tangu karatasi za plastiki zilipopigwa marufuku 2017 mimi hutumia paketi za unga. Naambia wazazi wasitupe, wananiletea. Paketi ya kilo mbili inameza daipa mbili vizuri, unakunja mdomo wake unatia kwa ndoo ya kufunika. Inanyonya unyevu na harufu haitoki sana. Ndoo ikae koridoo ama balkoni, pahali mtoto hafikii, na isikae hadi kesho.

Kevo_baba_Tasha

Shosh ameongea vizuri. Mimi ni mzazi tu lakini naona rahisi ni kununua boksi la glavu na chupa kubwa ya sanitaiza, hapo unaokoa maji na shida imeisha. Wakati wa korona tulikuwa tunatumia sanitaiza kila mahali na watoto hawakuwa wanaugua matumbo.

sista_zamu_ya_usiku

Kevo asante kwa kufikiria, lakini hapo nitakupinga kidogo, na naomba mama asome hii vizuri juu naona hilo kosa hata kwetu kazini.

Glavu ni nzuri mtoto akiwa anahara ama wewe ukiwa na kidonda mkononi. Lakini glavu ikishashika choo nayo ni mkono mchafu, na hatari yake ni kwamba mtu huisahau, hasikii unyevu, anaenda nayo hadi kwa kichupa cha maziwa. Ukivaa, ni pea moja kwa mtoto mmoja, unaivua ukiigeuza ndani nje kabla ya kushika daipa safi, na ukishavua bado unanawa. Kwa hivyo haiokoi maji hata tone. Sanitaiza nayo haifanyi kazi vizuri kwa mkono wenye uchafu unaoonekana ama mafuta, na kuna vijidudu vya kuharisha kama norovirasi ambavyo spiriti haiviwezi sana. Kwa daipa ni sabuni na maji yanayotiririka, unasugua sekunde ishirini, katikati ya vidole, chini ya kucha, kisha unakausha na kitambaa chako safi, sio aproni. Kama maji ni kidogo, kikombe kimoja kikimiminwa polepole kinatosha mtu mmoja. Shida kubwa huwa ni vile maji yanamiminwa, si wingi wake.

Sasa hilo la choo cha mtoto hakina shida. Mama, hilo tumelisikia sote kwa shosho zetu na naelewa, choo cha mtoto anayenyonya tu hakinuki sana na ni laini. Lakini vijidudu viko, na mara nyingi watoto wadogo ndio hubeba vingi kwa sababu ndio huugua matumbo zaidi. Nikupe mfano. Mtoto akipewa matone ya polio kliniki, kile kirusi cha chanjo, kile dhaifu, hutoka kwa choo chake kwa wiki kadhaa na mtoto anacheza tu hana shida yoyote. Sikuogopeshi na hayo matone, yanawalinda. Nataka tu uone kwamba kinachoingia mdomoni kinatoka chini kikiwa bado hai, na mtoto haonekani mgonjwa. Rotavirasi, kirusi kinachoharisha watoto sana, iko hivyo hivyo, mtoto anaweza kuitoa kabla hajaanza kuhara na hata siku kadhaa akishapona. Kenya tulianza chanjo ya rota 2014 na imesaidia sana, kwa hivyo mwambie kila mzazi alete kile kijitabu cha mama na mtoto uangalie kama amepata. Kama hajapata na umri bado unaruhusu, kituo cha afya cha serikali wanampa bure.

Na meno hayaharishi. Yanaleta mate na kusumbuka, na mtoto anauma kila kitu, ndio maana anaokota vijidudu wakati huo huo. Choo cha maji mara tatu ama zaidi kwa siku ni kuhara, si meno.

Jik sasa. Usimimine kwa macho. Soma chupa, nyingi za hapa zimeandikwa 3.5%, kama yako ni tofauti hesabu zinabadilika. Kwa ile makintoshi: kwanza ioshe na sabuni na maji, usuuze, hiyo ndio kazi kubwa, juu uchafu ukibaki unaimaliza nguvu ile Jik na unakuwa umepaka harufu tu. Kisha chukua nusu lita ya maji baridi, weka kijiko kimoja kikubwa cha Jik, kile cha mezani cha mililita 15. Panguza nayo, iache ikae imelowa angalau dakika mbili, kisha iache ikauke ama upanguse na maji safi. Mtoto akiharia sakafu, toa choo kwanza na tishu, halafu hapo ndio unatumia kali, kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji, watoto wakiwa mbali na dirisha wazi. Changanya mpya kila asubuhi na usitumie maji moto, ya jana huwa ishapungua nguvu. Weka kwa chupa isiyopitisha mwanga na uandike juu yake JIK kwa herufi kubwa, usiweke kabisa kwa chupa ya soda ama ya maji ya kunywa, nimepokea mtoto aliyekunywa na sitaki kuona tena. Na usichanganye na dawa ya choo ya asidi wala siki, inatoa hewa ya sumu, kwa chumba kimoja mtaumia nyote.

Ngozi: badilisha kila masaa mawili hadi matatu hata kama daipa haijajaa, na yenye choo mara moja. Poda wachana nayo, mtoto anaivuta kifuani. Vaseline ama krimu ya zinki inatosha, lakini kila mtoto yake. Ukiona wekundu umeingia hadi kwa mikunjo ya mapaja na kuna vipele vidogo vimetawanyika pembeni, hiyo mara nyingi ni fangasi, haitaisha na Vaseline, mzazi ampeleke aandikiwe dawa.

mama_Brayo254

Nimesoma zote nikiwa kazini. Mimi ni yule mama wa upande ule mwingine, nafua nguo za watu Donholm na mtoto anabaki deikea. Nataka kuuliza tu, mtoto akihara mnasema tukae naye nyumbani, siku ngapi? Juu nikikosa siku mbili siku ya tatu nakuta kazi imepewa mwingine, na nyumba ni ya kulipa. Sisemi ni sawa kumpeleka, nimewahi kumpeleka na nikanyamaza, nikamwambia ticha wa deikea ni meno. Mungu anisamehe. Niliogopa atarudishwa.

sista_zamu_ya_usiku

Mama Brayo, umesema ukweli na umesaidia wengi humu.

Kwa kawaida tunasema akae hadi masaa 48 yapite tangu choo cha maji cha mwisho, hata Uingereza shule zao zinafuata hizo masaa. Lakini najua hapa ni vile unasema. Ninachoomba ni usifiche, juu ticha akijua mapema anaweza kuzuia wengine wanane wasipate. Ukimficha anambadilisha kama kawaida.

Na usisubiri deikea. Ukiona choo cha maji asubuhi, anza ORS, ile poda ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, na tembe za zinki siku hiyo hiyo, zinauzwa pamoja kwa paketi moja, na kwa kituo cha serikali mara nyingi unapewa. Soma paketi inataka maji kiasi gani, zingine ni nusu lita zingine lita nzima, na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Zinki ni siku kumi hadi kumi na nne, hata akiacha kuhara siku ya tatu umalizie, chini ya miezi sita nusu tembe, miezi sita kwenda juu tembe moja ya miligramu 20. Anyonye na ale kama kawaida. Lakini akiwa na damu kwa choo, macho yameingia ndani, hawezi kunywa ama anatapika kila kitu, ama amelegea hachezi, hapo hakuna kungoja jioni, ticha akupigie simu na uje.

Shosh_wa_Kayole

Mama Brayo mwanangu, kwangu tulikubaliana hivi na wazazi, labda mama wa Pipeline pia itamfaa. Mtoto akihara na mzazi kweli hana pa kumwacha, namchukua lakini anakaa kwa mkeka wake, ana poti yake, kikombe na kijiko chake, na mtu mmoja ndiye anamshika siku nzima, huyo mtu hapiki uji na halishi wengine. Nikiwa peke yangu siku hiyo simchukui, naeleza mzazi asubuhi mapema kwa simu na hakuna kukasirikiana. Tuliandika kwa daftari wote wakatia sahihi. Daftari hiyo hiyo ndio naandika nani amebadilishwa saa ngapi na choo kilikuwa aje, mzazi akija jioni anasoma. Siku choo cha tatu cha maji kinaandikwa, simu inapigwa.

Sasa mama wa Pipeline, kuna kitu nataka ufanye kesho. Mhudumu wa afya wa mtaa alitufanyia hapa na hadi leo nakikumbuka. Chukua manjano ya kupikia, changanya na Vaseline kidogo, paka ndani ya daipa safi. Mvalishe mwanasesere, si mtoto. Halafu mwambie binti abadilishe kama kawaida, na wewe ubadilishe, mnawe kama kawaida, muendelee na kazi dakika kumi. Kisha zungukeni mtafute manjano. Kwangu ilikuwa kwa kitasa cha mlango na kwa sikio la mwenzangu, alikuwa amejikuna! Usimgombeze binti, mtafute pamoja.

mama_deikea_pipeline

Nimerudi. Asanteni sana, sijui nianzie wapi. Sista nimeandika hesabu za Jik kwa karatasi nimebandika ukutani, na ile chupa ya soda nilikuwa nayo, kusema kweli, nimeitoa usiku huo huo nikiwa natetemeka.

Shosh, tulifanya ya manjano jana jioni watoto wakienda. Kwanza binti alicheka, halafu tukaanza kutafuta na hakuna mtu alicheka tena. Ilikuwa kwa zipu ya mfuko wa mtoto. Ilikuwa kwa pazia, pale tunaposhika tukipita kwenda jikoni, alama tatu za vidole. Lakini mahali ilikuwa nyingi kuliko kote ni kwa mkono wa jagi.

Sisi hatuna mfereji ndani, kwa hivyo kunawa kwetu ni kuchota maji kwa mtungi na jagi, unamimina na mkono mmoja unanawa mwingine, unabadilisha. Sasa fikiria. Mkono mchafu ndio unashika jagi kwanza. Unanawa vizuri na sabuni, sekunde ishirini zote, halafu unashika jagi tena kusuuza, na unaondoka na ile ile uliyoacha hapo. Na jagi hiyo hiyo ndio tunachotea maji ya uji. Nilikaa chini kwa sakafu. Miezi yote hii tumekuwa tukinawa kwa bidii na tunachukua tena pale pale, na kupeleka jikoni. Yule mtoto aliyewekewa maji hospitali ndiye hunywa uji mwingi kuliko wote.

Kwa hivyo kwanza jagi ya jikoni ni ya jikoni, nimeifunga kitambaa chekundu na haivuki pazia. Leo asubuhi kwa kunawa tulimiminiana, mimi namiminia binti yeye ananimiminia, lakini nikienda sokoni anabaki peke yake haitawezekana. Makintoshi nimepata, iko kona ya mlango, na kila mzazi ameambiwa alete kitambaa na paketi za unga, wawili wameleta leo tayari. Yule baba nilimpigia simu nikamwambia kila kitu pamoja na ya jagi. Alinyamaza kidogo kisha akasema Jumatatu atamleta.

Shosh swali moja, ile ya kunawia wewe unatumia nini? Nimeona kwa watu ndoo yenye mfereji, lakini si huo mfereji wenyewe unafunguliwa na mkono mchafu, itakuwa ni jagi tena?

Shosh_wa_Kayole

Umeona mwenyewe, hakuna mtu angekuambia ukaelewa hivyo.

Ndoo ya mfereji ni nzuri lakini chukua ile mfereji wake ni wa kusukuma juu ama wa mkono mrefu, ufungue na kiwiko ama nyuma ya mkono. Na ukishapaka sabuni, sabunisha na mfereji pia ndio usuuze vyote pamoja. Fundi yeyote Kamukunji anakutobolea ndoo uliyo nayo na kukufungia, beba ya lita ishirini yenye kifuniko. Kama hela haijapatikana wiki hii, toboa kimtungi cha lita tano karibu na mdomo na msumari uliochomwa moto, kining'inize kwa fito koridoo, funga kamba kwa shingo yake na ushushe kamba hadi kwa kipande cha mti chini. Unakanyaga mti, kinainama, maji yanatoka chiriri, ukiachilia kinasimama. Sabuni itoboe katikati uitundike na kamba kando yake. Mikono haishiki kitu. Mimi nilitumia hiyo miaka minne, na watoto wa miaka mitatu wanaipenda sana, wanataka kunawa hata hawajachafuka.

Weka beseni chini ya kushika maji, ukimwaga ovyo kwa koridoo majirani wa chini watakuja.

mama_deikea_pipeline

Kimtungi cha lita tano kipo, kilikuwa cha mafuta ya kupikia. Binti ashakiosha na amepata fito kwa mafundi wa ile ploti inajengwa hapa nyuma. Tunachoma msumari sahi kwa jiko, nitawaambia kesho kama kimeshika.